Jina, Maana na Msimulizi: Majina ya Mahali ya Kigaeli katika Translations ya Brian Friel na Maandishi ya Tim Robinson

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna waandishi wawili wanavyoshughulikia suala la kurekodi majina ya mahali ya Kigaeli na maana zake katika mashamba na pwani za Ayalandi. Kazi zinazochunguzwa ni tamthilia ya Translations (1980) ya Brian Friel na maandishi ya Tim Robinson kuhusu visiwa vya Aran na eneo la Connemara. Kwa muda mrefu mjadala umeegemea swali moja: je, wapima ramani wa Dola ya Uingereza waliyaangamiza majina ya wenyeji? Makala yanadai kwamba swali hilo halitoshi. Kilichopotea zaidi si umbo la jina, bali uhusiano uliopo baina ya jina, kisa kinacholieleza na mtu anayekisimulia. Kwa mtazamo huo, tukio la Tobair Vree katika tamthilia ya Friel lina uzito kuliko shtaka la kihistoria ambalo tamthilia yenyewe inalijenga. Robinson analikaribia zaidi jibu, ingawa naye haepuki tatizo la lugha anayoandikia.

1.0 Utangulizi

Majina mengi ya mahali ya Kigaeli ni maelezo. Msemaji wa lugha hiyo akisikia baile hufahamu kuwa pana makazi ya watu. Akisikia cnoc hujua kuwa pana kilima. Tobar ni kisima, doire ni msitu wa mialoni, na inis ni kisiwa. Kwa hiyo jina la kijiji au la kipande cha shamba huweza kumwambia mpita njia kuhusu udongo, maji, mimea au mtu aliyewahi kupamiliki mahali hapo.

Hata hivyo, maana ya maneno ni upande mmoja tu. Katika fasihi ya kale ya Kigaeli kulikuwa na utanzu mzima ulioitwa dinnseanchas, yaani elimu ya simulizi za mahali mashuhuri. Utanzu huu, ambao sehemu yake imehifadhiwa katika miswada kama vile Kitabu cha Leinster cha karne ya 12, ulieleza kwa mashairi na kwa nathari jinsi mahali palivyopata jina: nani alizama hapo, nani aliuawa, mnyama gani alipita. Mara nyingi maelezo hayo hayakubaliani na etimolojia ya wanaisimu wa leo. Lakini lengo la dinnseanchas halikuwa etimolojia. Lengo lilikuwa kuifunga ardhi kwenye kumbukumbu, ili anayetembea atembee pia ndani ya masimulizi.

Ni muhimu basi kutofautisha mambo matatu: umbo la jina, maana ya maneno yanayoliunda, na kisa chake. Makala haya yanaonyesha kwamba kila jaribio la kuyarekodi majina ya Kigaeli limechagua, kwa kujua au kwa kutojua, ni lipi kati ya matatu hayo lihifadhiwe na ni lipi liachwe. Uhakiki uliokwisha kufanywa umeshughulika sana na umbo. Hapa kisa kinapewa nafasi inayokistahili.

2.0 Daftari za Majina na Kazi ya John O'Donovan

Upimaji wa Ayalandi ulioanza mwaka 1824 chini ya Ordnance Survey ulikuwa na sababu ya kifedha: kupata mipaka sahihi ya vitongoji ili kodi ya ardhi ikadiriwe kwa haki. Thomas Colby aliuongoza, na nchi nzima ilichorwa kwa kipimo cha inchi sita kwa maili moja. Ramani za kaunti ya kwanza zilitolewa mwaka 1833, na za kaunti ya mwisho mwaka 1846. Ramani ya kipimo hicho huhitaji majina kwa maelfu, na majina hayo yalipaswa kuandikwa kwa namna moja.

Ofisa aliyesimamia kazi hiyo mjini Dublin, Thomas Larcom, alijifunza Kigaeli. Mwalimu wake alikuwa John O'Donovan, mwanazuoni mzaliwa wa kaunti ya Kilkenny, ambaye aliajiriwa mwaka 1830 kushughulikia majina. Kwa kila parokia palikuwa na daftari. Ndani yake viliandikwa tahajia mbalimbali za jina moja, chanzo cha kila tahajia, mahali penyewe palipo, na maelezo mafupi. O'Donovan alisoma miswada ya kale, kisha akasafiri kaunti kwa kaunti kuwasikiliza wazee wakiyatamka majina. Hatimaye alipendekeza tahajia moja ya Kiingereza, na akaandika pia umbo la Kigaeli na maana aliyoiona kuwa sahihi.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba Ordnance Survey haikuanzisha uingereshaji wa majina. Hati za ardhi, orodha za kodi na ramani za awali zilikuwa zimekwisha kuyaandika kwa tahajia za Kiingereza kwa karne kadhaa. Utaratibu wa O'Donovan ulikuwa kuchagua, miongoni mwa tahajia hizo, ile iliyokaribia zaidi asili ya Kigaeli. Kwa hiyo tafsiri haikuwa kanuni; kanuni ilikuwa unukuzi wa sauti. Cnoc likawa Knock, baile likawa Bally.

La pili ni kwamba unukuzi huo, japo ulikuwa wa uangalifu, ulilipasua jina vipande viwili. Sauti ilikwenda kwenye ramani. Maana ilibaki kwenye daftari. Mfano ulio wazi ni silabi Kil, ambayo imeenea katika ramani nzima ya Ayalandi. Huweza kutokana na cill, yaani kanisa, au coill, yaani msitu. Jina Kilmore linaweza kuwa Kanisa Kubwa au Msitu Mkubwa, na ramani haimsaidii msomaji kuamua. Huko Connemara, Muiceanach idir Dhá Sháile, jina ambalo hufasiriwa kuwa kilima chenye umbo la mgongo wa nguruwe kilichopo baina ya maji mawili ya chumvi, limeandikwa Muckanaghederdauhaulia. Hakuna sauti kubwa iliyoachwa, wala hakuna maana iliyosalia. Msomaji wa Kiingereza anakutana na msururu wa herufi. Msomaji wa Kigaeli naye analazimika kuufumbua kama kitendawili ambacho jibu lake alikuwa nalo tangu mwanzo.

Mpango wa kuchapisha ramani pamoja na kumbukumbu za historia na maisha ya kila parokia ungeweza kuviunganisha tena vipande hivyo. Lakini kumbukumbu iliyochapishwa ni ya parokia moja tu, Templemore, ambamo umo mji wa Derry, mwaka 1837. Baadaye mpango ukasitishwa, na idara iliyowaajiri wanazuoni wa majina ikafungwa mwaka 1842. Daftari zikawa mali ya maktaba, nazo ramani zikawa mali ya dola, mahakama na wenye ardhi.

3.0 Translations: Shtaka na Ushahidi

Tamthilia ya Friel ilioneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Septemba 1980 katika ukumbi wa Guildhall mjini Derry. Ilikuwa kazi ya kwanza ya kundi la Field Day, lililoanzishwa na Friel pamoja na mwigizaji Stephen Rea. Mji wenyewe ulikuwa ushahidi wa mada: Doire kwa Kigaeli, Derry kwa wengi, Londonderry kwa dola na kwa wale wanaoshikamana nayo.

Mandhari ni kijiji cha kubuni cha Baile Beag, kaunti ya Donegal, mwaka 1833. Hugh anafundisha Kilatini na Kigiriki katika shule ya banda. Mwanawe Owen anarejea akiwa mkalimani wa wapima ramani, ambao wanamwita Roland kwa makosa naye hawasahihishi. Pamoja na Luteni Yolland, Owen anaketi na daftari na kuyabadilisha majina moja baada ya jingine. Bun na hAbhann linakuwa Burnfoot. Yolland anaanza kuipenda nchi na kumpenda Maire, kisha anatoweka. Kapteni Lancey anatangaza kwamba asipopatikana, mifugo itachinjwa, watu watafukuzwa na nyumba zitabomolewa.

Mwanahistoria J. H. Andrews, ambaye kitabu chake A Paper Landscape (1975) kilikuwa chanzo kimojawapo cha Friel, alionyesha kwamba picha hii hailingani na kumbukumbu. Wapimaji hawakuwa jeshi la kuwafukuza wakulima, na majina hayakutafsiriwa kiholela. Wawili hao walijadiliana hadharani mwaka 1983 katika jarida la The Crane Bag, na Friel akashikilia kwamba mwandishi wa tamthilia hafungwi na wajibu wa mwanahistoria. Tangu hapo wahakiki wengi wamejipanga pande mbili: upande mmoja unatetea uhuru wa sanaa, upande mwingine unadai ukweli wa kumbukumbu.

Utetezi wa uhuru wa sanaa ni sahihi lakini ni mwepisi. Tatizo la Translations si kwamba imekosea tarehe au sare za askari. Tatizo ni kwamba kwa kuifanya tafsiri kuwa ndiyo kosa, tamthilia inauficha upotevu uliotokea kweli. Burnfoot angalau humwambia msikilizaji jambo fulani kuhusu mahali: kwamba kijito kinaishia hapo. Muckanaghederdauhaulia halimwambii chochote. Kama tamthilia ingefuata kanuni halisi ya O'Donovan, Owen angeyahifadhi matamshi ya Baile Beag kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio ungekuwa msiba. Zaidi ya hapo, kwa kumwondoa O'Donovan jukwaani na kumweka Owen anayesaliti kisha akajuta, Friel anaondoa pia uwezekano kwamba mtu mmoja angeweza kuwa mtumishi wa dola na wakati huohuo mhifadhi mkubwa kuliko wote wa majina ya watu wake.

Hata hivyo, kuna sehemu ambapo tamthilia inaona mbali kuliko shtaka lake. Lancey anaposoma orodha ya vitongoji vitakavyoangamizwa, anatumia majina mapya ya Kiingereza, na Owen analazimika kuyarudisha katika Kigaeli ili wanakijiji waelewe ni kwao kunakotajwa. Hapa jina la zamani halirudi kama ushindi wa utamaduni. Linarudi kwa sababu dola inahitaji tishio lake lifahamike. Umbo la Kigaeli limehifadhiwa kikamilifu, na linatumika kuwatisha wenyewe. Tukio hili linatosha kumzuia mhakiki asidhani kwamba kulirejesha umbo ni sawa na kulirejesha jina.

4.0 Tobair Vree: Nani Anakumbuka?

Tukio lenye uzito zaidi kwa mada hii limo katika tendo la pili. Owen na Yolland wamefika kwenye njia panda inayoitwa Tobair Vree. Owen anauliza kwa nini paitwe hivyo. Tobair ni kisima, lakini hapo hapana kisima. Vree ni mabaki ya Bhriain, yaani Brian. Zamani kulikuwa na kisima jirani, na mzee aitwaye Brian, aliyekuwa na uvimbe usoni, aliamini kwamba maji yake yana baraka. Akaoga humo kila siku kwa miezi saba. Uvimbe haukuondoka, na asubuhi moja akakutwa amezama. Kisima kimekwisha kukauka. Owen anakijua kisa hicho kwa sababu babu yake alimsimulia. Ni nani mwingine anayekumbuka? Je, jina lenye asili iliyosahaulika na umbo lililochakaa lina haki gani ya kubaki? Yolland, ambaye ni mgeni, anasisitiza libaki, na linaandikwa.

Uhakiki wa kawaida huliona tukio hili kama kinaya: mkoloni analitetea jina ambalo mwenyeji yuko tayari kulitupa. Usomaji huo si wa kukanushwa, lakini una mambo matatu unayoyapita.

Kwanza, uchakavu wa Bhriain kuwa Vree haukuletwa na Mwingereza. Ulitokea ndani ya kinywa cha wenyeji, katika lugha yao wenyewe. Friel anakiri hapa, kinyume na mwelekeo wa tamthilia nzima, kwamba kusahau si kazi ya dola peke yake. Pili, kisa chenyewe ni dinnseanchas kwa kila kigezo: kuna maji, kuna kifo, kuna jina. Lakini ni dinnseanchas isiyo na fahari. Hakuna shujaa wala mungu. Kuna mzee mgonjwa aliyetumaini bure. Owen anaona haya kwa sababu kisa ni kidogo. Hata hivyo majina mengi ya vijijini hutokana na mambo madogo kama hayo, na ndiyo yanayopotea mwanzo, kwa kuwa hakuna anayeona fahari kuyaandika.

Tatu, kinachoandikwa katika daftari ni maneno mawili tu. Kisa hakiandikwi. Ushindi wa Yolland ni ushindi wa umbo. Baada ya Owen kufa, Tobair Vree litakuwa sauti tupu, sawasawa na Kil isiyojulikana kama ni kanisa au ni msitu. Anayebaki na kisa ni hadhira iliyoketi ukumbini. Friel amefanya jukwaani kazi ambayo daftari halikuweza kuifanya: ameliweka jina pamoja na msimulizi wake. Amefanya hivyo kwa Kiingereza, kwa kuwa tamthilia nzima imeandikwa kwa Kiingereza hata pale wahusika wanapodhaniwa kusema Kigaeli, na kuhusu mahali ambapo hapakuwapo.

Usomaji huu unamwangazia pia Sarah, msichana bubu ambaye mwanzoni mwa tamthilia anafundishwa na Manus kulitamka jina lake na mahali anapotoka. Mbele ya maswali ya Lancey anapoteza tena uwezo huo. Wahakiki wamezoea kumchukulia kama ishara ya taifa lililonyamazishwa. Inafaa zaidi kumsoma kwa unyofu: jina linahitaji mtu wa kulisema na mtu wa kulisikiliza kwa upole. Sarah hakusahau jina lake. Aliyepungukiwa ni msikilizaji.

5.0 Tim Robinson: Kurekodi kwa Miguu

Iwapo Friel alilionyesha tatizo, Tim Robinson (1935–2020) aliishi nalo kwa takriban miaka arobaini. Alizaliwa Yorkshire, Uingereza, akasomea hisabati, akawa msanii, na mwaka 1972 akahamia visiwa vya Aran. Kazi yake ya ramani ilianza kwa pendekezo la mkuu wa posta wa kisiwani, kwamba wageni wangefaidika na ramani nzuri. Ramani ya Aran ilitoka mwaka 1975, ya Burren mwaka 1977, na ya Connemara mwaka 1990. Kutokana na safari hizo yalizaliwa maandishi yake: juzuu mbili za Stones of Aran (1986 na 1995), na juzuu tatu kuhusu Connemara (2006, 2008 na 2011).

O'Donovan alikuwa amefika Aran mwaka 1839 kwa kazi ya Ordnance Survey. Tofauti ya Robinson na mtangulizi wake si usomi, kwa sababu O'Donovan alikuwa na Kigaeli cha kuzaliwa nacho kilichonolewa na miswada, ilhali Robinson alijifunza lugha hiyo ukubwani. Tofauti ni muda na miguu. O'Donovan alikuwa na kaunti nzima za kumaliza. Robinson aliweza kurudi katika ufa uleule wa mwamba mara nyingi, na kumuuliza mvuvi mmoja na jirani yake, kisha kuyaandika majibu yote mawili.

Faida ya njia hiyo inaonekana katika mji aliokaa baada ya Aran. Kwa Kigaeli ni Cloch na Rón, yaani Jiwe la Sili. Kwa Kiingereza ni Roundstone. Nusu ya jina imetafsiriwa kwa usahihi, kwa kuwa cloch ni jiwe. Nusu nyingine imesikika vibaya, rón akawa mviringo. Mnyama ametoweka katika jina kwa kosa la sikio tu. Mfano huu hautoshei katika nadharia ya tafsiri wala katika nadharia ya unukuzi, na hauhitaji adui. Unahitaji mtu wa kuuliza.

Katika nathari ya Robinson, jina mara nyingi hutajwa pamoja na namna lilivyopatikana: msimulizi alisita wapi, maelezo mawili yanapingana vipi, ni lipi haliwezi kuthibitishwa. Mhakiki anayezoea kamusi anaweza kuliona jambo hili kuwa udhaifu wa mbinu. Kwa hakika ndilo jambo la thamani zaidi. Daftari la O'Donovan lilihitaji jibu moja kwa sababu ramani ina nafasi ya jibu moja. Kitabu kinaweza kubeba mabishano, na mabishano ndiyo hali halisi ya jina ambalo bado linaishi miongoni mwa watu.

Pamoja na hayo, sifa isizidi kiasi. Wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji alipona? Vitabu vya Robinson vimeandikwa kwa Kiingereza cha hali ya juu, na wasomaji wake wengi hawajui Kigaeli. Kisa kilichotoka kwa mvuvi wa Aran kwa lugha yake kinarudi duniani katika lugha iliyoliondoa jina lake kwenye ramani. Ramani zenyewe zilianza kwa ajili ya watalii. Robinson hakulificha jambo hili, na ramani zake zinayapa majina ya Kigaeli nafasi ambayo Ordnance Survey iliyanyima. Lakini hata yeye anaacha swali moja bila jibu: kisa kikishaandikwa vizuri namna ile, nani ataona haja ya kukisimulia?

6.0 Umbo Rasmi na Wenye Mahali

Swali hilo limepata uzito mpya kwa hatua za serikali ya Ayalandi. Sheria ya Lugha Rasmi ya mwaka 2003 iliwezesha amri ya mwaka 2004 iliyoyafanya majina ya Kigaeli kuwa ndiyo halali peke yake katika maeneo yanayosemwa lugha hiyo. Hifadhidata ya Logainm, iliyofunguliwa mwaka 2008, imewawezesha wananchi kuyafikia maumbo na rekodi ambazo awali zilihitaji safari ya maktaba.

Lakini huko Kerry amri hiyo ilizua mgogoro. Mji wa Dingle ulipewa jina rasmi An Daingean, yaani Ngome, ilhali wenyeji wengi walilijua umbo refu la Daingean Uí Chúis, ambalo linabeba jina la ukoo wa mmiliki wake. Mwaka 2006 wakazi walipiga kura kutaka jina la lugha mbili, Dingle pamoja na Daingean Uí Chúis. Magazeti yalilichukulia suala hili kama ugomvi wa utalii, na kweli biashara ilikuwamo. Hata hivyo kwa mtazamo wa makala haya, kura hiyo ilihusu haki ya kuamua: dola ililirejesha umbo sahihi la Kigaeli bila kuwauliza wanaolitumia. Kosa la karne ya 19 lilirudiwa kwa nia njema na kwa lugha iliyo kinyume.

Kwa wanafasihi wa Kiswahili suala hili si geni. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Something Torn and New (2009), aliziweka Ayalandi na Afrika katika mjadala mmoja wa ukoloni, lugha na kumbukumbu. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Mzizima ilifunikwa na jina Dar es Salaam katika miaka ya 1860, si na Mzungu bali na Sultani Majid wa Zanzibar. Bagamoyo husimuliwa kwa njia mbili zinazopingana: kwa wengine ni mahali pa mpagazi kuutua moyo baada ya safari ndefu, kwa wengine ni mahali pa mateka kuubwaga moyo kwa kukata tamaa. Mwanaisimu anaweza kutilia shaka maelezo yote mawili. Mhakiki wa fasihi hana ruhusa ya kuyatupa, kwa maana yamebeba kile ambacho watu waliona lazima kikumbukwe. Anayekusanya majina ya vijiji na kuandika tu umbo na etimolojia anarudia mgawanyo uleule wa ramani na daftari.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuyarekodi majina ya Kigaeli hakukuwa hadithi ya wahifadhi upande mmoja na waharibifu upande mwingine. O'Donovan alihifadhi umbo na maana, lakini taasisi iliyomwajiri ikavitenganisha. Friel alilaumu tafsiri na kwa hiyo akalikosa kosa la msingi, ila katika tukio la Tobair Vree alilifikia kwa usahihi kuliko wakosoaji wake. Robinson alimrejesha msimulizi ndani ya rekodi, kwa gharama ya kumhamishia katika lugha ya wengine. Serikali ya leo imelirejesha umbo, na mara nyingine imemsahau mwenye mahali.

Rekodi ya jina la mahali haijakamilika mpaka iseme limetoka kinywani mwa nani, kwa kisa gani, na ni nani anayelipinga. Sharti hili linawahusu wanafasihi sawa na wanaisimu, kwa kuwa kisa cha mzee aliyezama kisimani ni matini kama matini nyingine yoyote, na kinastahili kuhakikiwa kabla aliyekisikia kwa babu yake hajaondoka.